Zimeni Spika, Tusikie Chelo

Jumamosi iliyopita nilikwenda Milimani, Kisumu, kusikiliza piano, chelo na filimbi katika ukumbi mdogo wa kanisa. Chelo ni fidla kubwa ambayo mpigaji huibana kati ya magoti na kuipiga kwa upinde. Filimbi, tuelewane, si ile ya refa. Ni ile ndefu inayong'aa kama fedha, ambayo mpulizaji huishika kwa upande. Hakukuwa na kiingilio, mandazi yalikuwa ya moto, na vijana watatu walioalikwa walijua kazi yao. Kilichoharibu shughuli kilisimama pembeni mwa jukwaa, kulia na kushoto: spika mbili zinazonizidi kimo.

Nilimfuata fundi mitambo kabla hawajaanza. "Kijana, hizi za nini? Humu ndani hata watu mia hawaenei."

"Mwalimu, bila maiki watu watalala."

Nikarudi kukaa. Nilipaswa kubishana, na bado najilaumu.

Walianza na Haydn, mtunzi wa Austria. Mwaka 1790 alitunga kazi tatu za vyombo hivi, na ingawa zinaitwa za watu watatu, chelo humo haina makuu: mara nyingi inapita palepale unapopita mkono wa kushoto wa piano. Piano za enzi hizo zilikuwa na besi nyembamba, zikahitaji wa kuzishika mkono. Leo piano ina besi ya kutosha, kwa hiyo chelo imebaki kama chumvi kwenye mboga. Huionji peke yake, ila ikikosekana utajua. Sasa fundi wetu alikuwa ameifunga chelo maiki yake na kuipandisha hadi mwisho. Tulikula chumvi tupu kwa robo saa.

Muziki wa aina hii Wazungu wanauita wa chumba, na hawakukosea jina. Ulitungwa upigwe sebuleni, wasikilizaji wakae karibu kiasi cha kuona mpigaji akivuta pumzi. Na sisi wa ukanda wa ziwa tusijifanye wageni wa jambo hilo. Aliyewahi kukaa karibu na mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, nyumbani kwa watu anajua ninachosema. Mzee ameketi kwenye kigoda, nyuzi nane mbele yake, njuga ziitwazo gara mguuni, na pete ya chuma, oduong'o, kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa chombo. Unasikia nyuzi, unasikia ile pete, unasikia hata anavyosafisha koo kabla ya kumtaja marehemu. Orutu, fidla yetu, nayo ina uzi mmoja tu na upinde wake, na kabla sauti haijatoka kuna kile kikwaruzo kidogo cha ulimbo uliopakwa ili upinde ushike uzi. Ndicho kinachokuambia kwamba kuna mkono wa mtu pale.

Chelo ina kikwaruzo hichohicho. Ukiwa hatua nne kutoka kwake ni kitamu. Kikipitia spika kinakuwa mtu anayefagia uwanja kwa chelewa.

(Sina ugomvi na spika zenyewe. Benga, muziki wetu wa dansi, ilichukua vidole vya nyatiti ikavitia kwenye gitaa la umeme, na benga bila spika ni sherehe iliyokosa wageni. Kila ngoma na uwanja wake.)

Mnamo saa kumi na nusu mvua ikashuka, kama inavyoshuka Kisumu jioni nyingi, bila hodi. Paa la ukumbi ni la mabati. Fundi akaongeza sauti, mabati nayo yakaongeza, spika zikapiga ukelele uliotufanya sote tushike masikio, na wanamuziki wakaweka vyombo chini. Tulisubiri karibu dakika ishirini. Watoto wakasogea mbele kuishangaa chelo. Nami, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikahamia safu ya pili.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo spika haziwezi kumwambia mtu. Kabla ya mvua, ukumbi ulipokuwa tanuri, mpuliza filimbi alikuwa kila mara akivuta kidogo kile kipande cha juu cha filimbi yake. Hewa ikipata joto sauti ya filimbi hupanda, na piano haijui kupatana bei: nyuzi zake zimeshakazwa, wengine wote ndio waifuate. Kuirefusha filimbi kwa upana wa ukucha kunaishusha. Mvua ilipopoa na upepo wa ziwa kuingia madirishani, nilimwona akipuliza noti moja, akikunja uso, kisha akikisukuma kile kipande ndani tena. Mpiga chelo naye akageuza kishikizo kimoja, sikio lake karibu ligusane na uzi. Hakuna aliyesema neno.

Kisha huyo wa chelo akamwendea fundi, wakanong'onezana, taa nyekundu za spika zikazimika. Tukaombwa tuvute viti tukae nusu duara. Nyanya mmoja nyuma yangu akalalamika kwamba hasikii chochote, na alikuwa na haki. Alikuwa amekaa mlangoni kwa kuogopa msongamano. Vijana wakambeba yeye na kiti chake mpaka mbele, akicheka.

Wakapiga kazi ya Weber, mtunzi Mjerumani, ya mwaka 1819, ambayo sehemu yake ya tatu inaitwa Kilio cha Mchungaji. Humo chelo si chumvi tena. Inapewa wimbo wake yenyewe, na ilipouchukua nilisikia ulimbo ukikwaruza, nikasikia na piano ikijirudisha nyuma makusudi ili impishe mwenzake. Kujirudisha nyuma huko ndiyo kazi kubwa ya mpiga piano katika muziki huu. Ukishampa kila mmoja maiki, anayeamua nani ampishe nani si wao tena, ni kijana mwenye vitufe.

Watu hawakulala. Mtoto mmoja alilala, lakini alikuwa wa miezi kama saba.

Nasikia wanapanga tamasha lingine baada ya shule kufungwa. Nimeshawatumia waandaaji ujumbe: saa nne asubuhi kabla ziwa halijaamka, viti arobaini kwa duara, nyanya wawekwe mbele, na spika zibaki kwenye gari. Mandazi yasibadilishwe.