Nyama ya soya: wafugaji wanaochekwa wana hoja

Oktoba 2025 Bunge la Ulaya lilipiga kura, 355 kwa 247, kwamba majina kama baga, soseji na steki yabaki kwa vitu vya nyama tu. Aliyeleta hoja ni mbunge wa Ufaransa, Céline Imart, ambae mwenyewe ni mkulima, akisimama upande wa wafugaji. Kura ile peke yake haikuwa sheria, ilikuwa bado kuna mazungumzo na nchi wanachama, lakini watu walishaanza kucheka, eti wazungu wamekosa kazi, yani bunge zima linakaa kujadili soseji.

Na wanaocheka wana pointi, tusiwaonee. Hakuna mtu mzima anaesoma "baga ya maharage" akadhani maharage yamechinjwa. Jina la zamani linamsaidia mpishi, ukimwambia ni soseji anajua akaange, ukimwambia ni "bidhaa ya mimea yenye umbo la mcheduara" anakutazama tu. Bunge hilohilo mwaka 2020 lilikataa katazo kama hili, na Oktoba 2024 mahakama kuu ya Umoja wa Ulaya iliibana Ufaransa, kwamba haiwezi kupiga marufuku majina haya kama haijaweka kwanza jina rasmi la kisheria la bidhaa yenyewe. Huku kwetu Kigoma kuna Wasabato wengi, baadhi yao nyama hawagusi kabisa, nyama ya soya, vile vipande vikavu vya kuloweka, kwao ni mboga ya kila wiki na sijasikia hata mmoja akilalamika kwamba alidanganywa.

Ila mfugaji anaechekwa halalamiki kwamba wateja ni wajinga. Anachosema ni kwamba neno nyama limejengwa na ng'ombe wake kwa miaka mingi, mtu akilisikia anajua analeta nini mwilini, sasa mwingine anakuja analichukua bure na ile imani yote inahamia kwenye pakiti yake. Kwenye maziwa Ulaya walishalimaliza, mwaka 2017 mahakama iliiambia kampuni ya Ujerumani ya TofuTown kwamba maziwa, siagi na jibini ni majina ya vitu vinavyotoka kwa mnyama, hata ukiandika "ya soya" pembeni haikusaidii, isipokuwa vitu vichache vilivyozoeleka kama siagi ya karanga. Watu wa soya wanaendelea kuuza tu.

Mimi naona Ulaya wamechanganya mafaili. Baga, soseji, kababu, mshikaki, haya ni maumbo na mapishi, weka ndani unachotaka. Nyama na maziwa ni kitu chenyewe. Hapo ndo ningekaza.

Kwa nini nikaze wakati Kigoma hatuna hata hizo baga za mimea? Kwa sababu kwetu soya haiji na lebo. Inafika kwenye pakiti au gunia, muuzaji anamwaga kwenye beseni pale sokoni Mwanga au Ujiji, unapimiwa kwa kikombe kwenye kimfuko. Maandishi yote ya kiwandani yanaishia kwenye gunia, kinachomfikia mama nyumbani ni jina tu, nyama ya soya. Ulaya mtu akichanganywa na jina anageuza pakiti anasoma nyuma, sisi tunageuza kimfuko cha nailoni tunasoma nini?

Afu kuna hii namba ya protini asilimia 50 ambayo kila muuzaji anaijua kwa kichwa, "hii inashinda nyama mara mbili na zaidi mama, chukua". Ni kweli soya hizi zikiwa kavu ni karibu nusu yake protini, na nyama mbichi ya ng'ombe ni kama gramu 20 tu kwenye gramu 100. Lakini nani anakula soya kavu? Ukiiloweka inanyonya maji, gramu 100 zinakuwa karibu 300, gawanya sasa uone, kwenye sahani unabaki na gramu 17 hivi kwa kila 100. Sio mbaya hata kidogo, kwa bei yake ni mboga nzuri sana, ila haijashinda nyama, imeikaribia. Na vitamini B12 haimo kabisa mpaka kiwanda kiongeze, wakati dagaa anayo, tena analiwa na mifupa yake.

Sasa fikiria 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa miezi mitatu kuanzia 15 Mei ili samaki wazaliane, dagaa na mgebuka zikaadimika, kipindi kama hicho ndo mtu anatafuta cha kubadilishia. Kwenye nchi ambayo utafiti wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa, mzazi akiambiwa hii ni nyama au haya ni maziwa anampa mtoto kwa moyo mweupe akijua amemaliza kazi, kumbe kuna kitu ilibidi aongezee, hata yai.

Kwa hiyo TBS, shirika letu la viwango, wakiniuliza, kababu ya soya iendelee kuitwa kababu. Hii ya kwenye gunia iitwe soya, basi, na protini iandikwe ikiwa imeshalowekwa. Wenye viwanda watasema mauzo yatashuka, labda kidogo mwanzoni, ila wanunuzi wa hapa wengi wanasema "nipimie soya" tu. Afisa afya anaweza kukagua pakiti dukani, lile beseni la sokoni sioni sheria gani ya lebo italifikia, ndo maana mimi naanzia kwenye jina.