Pipeti kwanza au kiwanda kwanza? Mvutano katika masomo ya bioteknolojia

Mtaala wa bioteknolojia ukifanyiwa mapitio, hoja moja hairudi nyuma: wanafunzi wapunguziwe saa za maabara ya chuo, wapelekwe viwandani mapema zaidi. Waajiri wanalalamika kwamba wahitimu wana nadharia kichwani lakini mikono haijui kazi. Vyuo navyo vinaona vitendanishi (kemikali za majaribio) na matengenezo ya mashine vinavyokula bajeti, kwa hiyo kumkabidhi mwanafunzi kwa kampuni kunaonekana kuwa nafuu kwa kila upande. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu ya pili inanitia hofu.

Nianze na ninayoikubali. Saa nyingi za maabara vyuoni ni za maabara kwa jina tu. Mwanafunzi anakuta vimiminika vimeshachanganywa, maelekezo yamechapwa hatua kwa hatua, na jibu linajulikana tangu mwaka jana. Sita wanazunguka meza moja: mmoja ameshika pipeti, kifaa cha kuvuta na kupima vimiminika kidogo kidogo, wawili wanatazama, waliobaki wananakili. Jioni wote sita wana picha ileile ya jeli, ute mgumu ambamo vipande vya DNA hujitokeza kama mistari, na ripoti zinafanana mpaka kwenye makosa ya tahajia. Kama hayo ndiyo mafunzo tunayoyatetea, heri kiwanda.

Tena kuna mambo ambayo chupa ya lita moja haiwezi kumwonyesha mtu. Ndani ya chupa bakteria wanatikiswa, hewa inaingia, na joto wanalozalisha linatoka lenyewe kupitia kuta. Sasa panua chombo hicho mara 10 kwa kila upande. Eneo la kuta linaongezeka mara 100, ujazo unaongezeka mara 1,000. Joto halina tena pa kutokea kwa kasi ya kutosha, oksijeni inashindwa kufika kila kona, povu linapanda hadi kwenye vichujio vya hewa. Bakteria ni walewale na chakula chao ni kilekile, ila tatizo ni jipya kabisa. Hesabu hii unaweza kuiandika ubaoni kwa dakika mbili, lakini uzito wake huujui mpaka usimame kando ya tangi na kuona jinsi mabomba ya kupozea yalivyolizunguka.

Penisilini, dawa itokanayo na ukungu, inalieleza jambo hili kwa namna inayouma. Alexander Fleming aliona ukungu ukiwazuia bakteria kukua mwaka 1928. Mwanzoni mwa 1941, huko Oxford, askari polisi Albert Alexander alikuwa anakufa kwa maambukizi, akadungwa dawa hiyo, na ndani ya siku chache akaanza kupata nafuu. Dawa ilikuwa kidogo mno, kiasi kwamba watafiti walikusanya mkojo wake, wakaichuja penisilini iliyotoka humo na kumrudishia mwilini. Hata hivyo iliisha, naye akafariki mwezi Machi. Ugunduzi ulikuwepo kwa zaidi ya miaka 12. Kilichokosekana ni uzalishaji. Mwaka huohuo, huko Peoria nchini Marekani, kazi ilianza ya kuulisha ukungu kwa maji yaliyolowekewa mahindi viwandani, na kuukuza ndani ya matangi yanayopulizwa hewa badala ya kuuacha uelee juu ya vyombo vyenye kina kifupi. Nikisikia mwanafunzi akisema kiwanda ni cha waliokosa nafasi ya utafiti, namfikiria askari yule.

Mpaka hapo ningeweza kuwaunga mkono wanaotaka fildi iongezwe. Lakini kiwanda kina tabia moja ambayo watetezi wake hawaisemi: hakiwezi kumruhusu mwanafunzi akosee. Bechi moja, yaani mkupuo mmoja wa uzalishaji, ya seli za mamalia katika tangi la lita 10,000 huhitaji siku kama 14 kukua, achilia mbali wiki za kuandaa mbegu yake, yaani seli za kuanzia. Mguso mmoja mchafu unaiharibu yote. Hakuna msimamizi mwenye akili timamu atakayemwachia mgeni wa wiki nane. Ndiyo maana wiki ya kwanza huishia kwenye usalama, mbili zinazofuata kwenye kusoma taratibu, kisha zinakuja wiki za kubandika lebo na kuosha vyombo. Akianza kuzoea mavazi ya chumba safi, muda umekwisha. Na mengi aliyoyaona hana ruhusa ya kuyaandika kwenye ripoti yake, kwa sababu ni siri ya kampuni. Sisemi lolote hapa kuhusu nafasi zenyewe, ambazo ni chache na mara nyingi huwaendea wenye ndugu ndani.

Maabara ya chuo ndiyo mahali pa kukosea bila kumuumiza mtu. Mtazame anayeshika pipeti kwa mara ya kwanza. Kitufe kina vituo viwili: cha kwanza cha kuvuta, cha pili cha kusukuma tone la mwisho litoke. Yeye anabonyeza hadi cha pili, anaachia, na kimiminika kinapanda zaidi ya alichopanga. Alikusudia mikrolita 2, amevuta zaidi, na kwa macho tofauti haionekani. Itaonekana baada ya saa tatu, PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, ikigoma kutoa mstari kwenye jeli. Au mbaya zaidi: mstari unatokea kwenye tyubu ambayo hakuweka DNA kabisa. Mizunguko 30 ya PCR inaweza kuigeuza molekuli moja kuwa zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo chembe iliyoruka kutoka kwenye ncha ya pipeti inatosha. Mwanafunzi aliyekaa na mstari huo wa uongo, akarudia kazi mara tatu mpaka akagundua kwamba ni maji yake yaliyochafuka, amejifunza kuyashuku matokeo yake mwenyewe. Kiwanda kinataka mtu wa aina hiyo, lakini hakina muda wa kumtengeneza.

Kuna pia suala la umri wa maarifa. Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha mwaka 1973 jinsi ya kuunganisha vipande vya DNA na kuvipandikiza kwenye bakteria. Miaka 9 baadaye, insulini ya binadamu inayotengenezwa na bakteria iliidhinishwa Marekani. Mwaka 2012 ikaja CRISPR, zana ya kukata DNA mahali palipochaguliwa, na ndani ya muda mfupi maabara zikabadili namna ya kuhariri jeni. Aliyefundishwa mashine ya kampuni moja na utaratibu wake atakuwa hodari mpaka siku mashine hiyo itakapoondolewa.

Kwa hiyo mimi naegemea upande wa maabara, kwa sharti kwamba maabara yenyewe ibadilike. Majaribio yapungue, yarudiwe zaidi. Kila mmoja ashike pipeti yake, achanganye bafa yake (kimiminika cha kutuliza kiwango cha asidi), na alama zisitolewe kwa jeli nzuri bali kwa maelezo ya jeli mbaya. Kisha, mwaka wa tatu au baada yake, aende kiwandani kwa miezi sita kamili, si wiki nane. Akifika akiwa na mikono iliyotulia, atapewa kazi ya kweli, na atakutana na nidhamu ambayo chuo hakijui kuifundisha: kisichoandikwa kinahesabiwa hakikufanyika. Saa, namba ya bechi, sahihi ya aliyefanya, sahihi ya aliyeshuhudia. Chuoni daftari hujazwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya. Kiwandani kufanya hivyo ni kosa la kukufukuzisha kazi, kwa sababu kuna mgonjwa upande wa pili wa karatasi hiyo.

Na atakaporudi, asitathminiwe kwa fomu yenye muhuri na saini ya msimamizi. Aulizwe swali moja, bila kutaja siri ya mtu: ni kitu gani kilienda kombo ulipokuwa pale, na walijuaje?