Lisosomu si Mfuko wa Kujiua

Nikiwa kidato cha tatu niliandika kwenye mtihani kwamba lisosomu, kifuko kidogo kilicho ndani ya seli, ni "mfuko wa kujiua" wa seli, nikapewa alama zote. Leo naona jibu lile lilistahili kusahihishwa, na inanisikitisha kwamba wanafunzi bado wanalikariri.

Naelewa lilikotoka. Mwaka 1949, huko Louvain nchini Ubelgiji, Christian de Duve na wenzake walipima kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) kiitwacho fosfatasi ya asidi katika ini la panya, wakakikuta dhaifu kuliko walivyotarajia; sampuli zilipokaa siku 5 kwenye jokofu, nguvu yake ikaonekana yote. Kumbe kilikuwa kimefungiwa ndani ya utando, na utando ulipochakaa kikatoka. Mwaka 1955 kifuko hicho kikaitwa lisosomu, na ni rahisi kuelewa kwa nini watu walihofia kwamba kikipasuka ndani ya seli iliyo hai, vilivyomo vingeimeng'enya seli yenyewe.

Lakini vimeng'enya vilivyo ndani ya lisosomu, ambavyo aina zake ni takriban 60, hufanya kazi vizuri penye asidi tu. Pampu zilizo kwenye utando wa lisosomu hutumia nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kusukuma ndani protoni, chembe zinazoleta asidi, hadi pH (kipimo cha asidi: namba ikipungua, asidi huzidi) ikashuka kufikia karibu 4.5 au 5, ilhali nje yake, kwenye saitoplazimu, yaani ute unaoijaza seli, pH ni kama 7.2. Kwa hiyo lisosomu moja ikivuja, sehemu kubwa ya vimeng'enya vyake hupoteza makali mara tu vinapotoka. Sijui hoja iliyo wazi zaidi ya hiyo dhidi ya jina lile, nayo haimo katika vitabu nilivyosomea.

Kazi yake ya kila siku ni kumeng'enya. Seli huizungushia utando mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nishati) iliyochakaa, kifuko hicho kikaungana na lisosomu, na protini zikavunjwa kuwa asidi amino zinazorudi kujenga protini mpya. Yoshinori Ohsumi, aliyeichunguza njia hii kwa kuinyima hamira chakula, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2016.

Tena, mtoto mwenye ugonjwa wa kurithi uitwao Pompe haumwi kwa sababu lisosomu zake zimeimeza seli. Anakosa kimeng'enya kimoja tu, kile kinachovunja glikojeni, yaani sukari ya akiba mwilini, nayo hurundikana ndani ya lisosomu hadi misuli ikalegea na moyo ukatanuka.