Njia ya matembezi isibanwe kwenye gema la mto

Mpango wa njia ya matembezi kando ya mto ukiwekwa mezani, ubishi huwa ule ule: ipite ukingoni kabisa ili watu wayaone maji mwanzo hadi mwisho, au irudi nyuma mita 30 hivi na kuufikia mto mahali pachache? Wanaotaka irudi nyuma huambiwa wanawanyima watu mto. Wanaonewa.

Chukua njia ya lami yenye upana wa mita 3. Kilomita moja ni mita za mraba 3,000. Mvua ya milimita 20 ikinyesha, lita 60,000 zinaangukia mahali pasiponyonya karibu chochote. Njia ikiwa ukingoni, maji hayo hukusanyika kwenye kibonde cha kwanza, huchimba mfereji kwenye gema na kuingia mtoni na udongo wake. Tope laini huziba mianya ya changarawe, maji hayapenyi tena, na mayai ya samaki yaliyotagwa humo hukosa hewa. Lita 60,000, kwa mvua moja tu!

Irudishe nyuma njia hiyo hiyo, uipe mwinamo wa asilimia 3 kuelekea mtoni, yaani tofauti ya sentimita 9 kati ya ubavu mmoja na mwingine. Maji yatatoka yametandaa, yatapita taratibu kwenye nyasi na vichaka, na tope jingi litabaki huko. Ila ubavu wa chini lazima uparuliwe mara kwa mara. Udongo na nyasi hujijenga hapo kama tuta, na tuta la sentimita chache linatosha kuyafanya maji yakimbie kwa urefu wa njia badala ya kuivuka. Mita 30 zenyewe si kipimo cha kila mahali: mteremko ukiwa mkali, hazitoshi. Kwenye kona, upande wa nje ndiko mto unakokula ardhi, na njia iliyojengwa huko itaporomoka.

Hoja ya upande wa pili ina uzito. Njia ikifichwa mno, watu hujikatia vijia vyao, na hushuka moja kwa moja penye mteremko mkali. Vijia kumi vya namna hiyo huumiza gema kuliko njia moja iliyojengwa vizuri. Tena mto usioonekana hukosa wa kuutetea.

Lakini hilo linadai vituo vya kushukia, halidai kilomita nzima za ukingo. Viwekwe penye mwamba au ardhi ngumu, kimoja kikiwa pale ambapo mtembeaji anaanza kusikia maji, kwa sababu hapo ndipo atakapochepuka. Kila kituo kijengwe kwa ngazi za mawe, na penye nafasi kiwe pia na mteremko usiozidi 1 kwa 12, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 12 za mwendo, kwa wenye viti vya magurudumu.

Kabla ya kuchora mstari wowote, ukingo utembelewe baada ya mafuriko. Takataka zilizonasa matawini huonyesha maji yalifika wapi. Benchi, choo na pipa la taka vikae juu ya alama hiyo.