Mirungi tumboni: jani lina kosa kiasi gani?

Mei 2024, kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka, aina ya miraa (ambayo Tanzania huitwa mirungi), na kesi ikafika mahakamani Embu, mabishano yalihusu zaidi vijana na kipato cha wakulima. Swali la mjamzito anayetafuna, iwe muguka, miraa au mirungi, ni gumu zaidi.

Wanaopinga wana hoja nzito. Kathinoni, kemikali inayomchangamsha mtafunaji, ina undugu na amfetamini, dawa ya kusisimua mwili, na hubana mishipa ya damu, hivyo kondo la nyuma linaweza kupata damu pungufu. Utafiti wa Yemen uliochapishwa mwaka 1987, uliohusu uzazi 1,141, ulionyesha kuwa watoto wa watafunaji walizaliwa na uzito mdogo kuliko wenzao, na chembe za kemikali za jani zimewahi kupatikana hata katika maziwa ya mama.

Watetezi husema bibi zetu walitafuna na tukazaliwa wazima. Hoja hiyo hainishawishi, kwani aliyezaliwa mzima ndiye anayebaki kusimulia. Hoja yao yenye nguvu ni nyingine: mirungi hukata hamu ya kula, na mara nyingi huandamana na sigara na ufukara, kwa hiyo si rahisi kujua uzito wa mtoto uliopungua umesababishwa na nini.

Marekani ilijikwaa hapohapo. Miaka ya 1980 ilivumishwa kwamba watoto wa wanawake waliotumia kokeini wangekuwa kizazi kilichoharibika akili. Hallam Hurt, daktari wa Philadelphia, alianza mwaka 1989 kufuatilia watoto 224, nusu yao wakiwa wa akina mama waliotumia kokeini na nusu wa wasioitumia, wote wa familia maskini. Makundi yote mawili yalipata alama za chini katika vipimo vya akili, bila tofauti kubwa baina yao. Umaskini ndio uliowaelemea. Tafiti nyingine ziliona tofauti ndogo katika umakini, kwa hiyo kokeini haikuondolewa lawama, ila uvumi ulipita kiasi.

Kwangu mimi, uzito mdogo wa mtoto unatosha kumwambia mjamzito aache, pasipo kumtisha kwa yasiyothibitishwa. Lakini ushauri huo humfikia tu anayeulizwa na akajibu ukweli. Namanga, mji wa mpakani, upande wa Kenya miraa ni zao halali. Hatua chache upande wa Tanzania, mirungi ni dawa ya kulevya, na mama anayeulizwa na muuguzi kliniki kama anatafuna anajua jibu lake linaweza kuwa ushahidi.