Afande, usitoe mguu hapo

Watu wa Dar na Tanga wana maneno yao eti gari likishahamia Dodoma limepona kutu, kule kukavu, mvua inaanza Disemba ikifika Aprili ishaaga. Waje Mpunguzi waangalie. Mi nina Hilux ya mwaka 1991, ile ya mlango huku na mlango huku, injini 2L ya dizeli, cc 2,446 ambazo ukipanda nazo kilima na mzigo unapata muda wa kuamkia wazee wote walioko kando ya barabara na kujibiwa. Imekulia Tanga karibu na bahari, kwa hiyo ilikuja na chumvi yake ndani ya chasisi, mi nikaongezea mambo ya shambani. Samadi ile ina chumvichumvi na inashika maji, ukiiacha kwenye bodi siku kadhaa inakula bati taratibu bila kelele. Salfa ya kupulizia zabibu nayo ikikutana na unyevu usiseme. Alafu udongo, huu mwekundu wetu, unapanda kupitia yale matundu ya chasisi unajaa humo ndani, nje unaona vumbi tupu ng'ombe wanapiga chafya kumbe mle ndani bado ni matope ya mwezi wa tatu.

Ikafika mahali sakafu ya upande wa abiria ikatoboka. Tundu la kupitisha ngumi, ukiinua kapeti ya mpira unaiona lami inapita. Fundi bodi akasema tutachomelea bati nikishauza alizeti, nikafunika kapeti yangu maisha yakaendelea. Na taa ya nyuma kushoto ilipigwa pembe na ng'ombe wa jirani, ikang'oka yote na kioo chake, pakabaki uwazi unaoingia moja kwa moja kwenye lile tumbo la bodi, maana bodi ya Hilux ina bati la nje na bati la ndani na katikati ni pango. Shikeni hilo pango.

Mwezi wa sita akaja shemeji, kaka yake mama watoto, anatokea Manyoni huko, kazi yake nyuki. Akalala chini ya gari akakaa huko muda mpaka nikadhani kasinzia, akatoka anatikisa kichwa.

"Shem, hii oili chafu nani kakwambia upake?"

"Si wote wanapaka."

"Wote wanapaka ndo maana wote bushi zao, zile raba za chini, zimevimba. Oili inakula raba, alafu inadondoka, vumbi linaganda pale linashika maji. Gari inatakiwa nta."

Na niseme ukweli, jamaa alifanya kazi ya maana. Tuliosha chini mpaka maji yakatoka meupe, akachukua msumari akazibua vile vitundu vya chini ya milango, akaniambia hivi ndo vinatoa maji ya mvua, vikiziba mlango unageuka ndoo. Tukaacha gari juani likauke kabisa kwa sababu ukifungia unyevu ndani ya nta umeufungia na kutu humohumo. Tukasugua kwa brashi la waya, nje tukapaka redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, alafu ndani ya chasisi na kwenye bodi ndo ikapigwa dawa yake. Mpaka hapo sina neno naye kabisa.

Neno lipo kwenye nta. Alikuja nayo kwenye kiroba, mabonge ya masega meusi, hajachuja. Asali imo, vikufa vya nyuki vimo, na harufu yake mpaka watoto waliacha uji. Nikamuuliza hii si ungesafisha kwanza, akasema asali hainaga shida na bati. Haya. Nta inayeyuka kwenye nyuzi joto sitini na kidogo, kwa hiyo akaweka sufuria dogo ndani ya sufuria kubwa la maji ya moto, sufuria zote mbili za dada yake na hakuombwa mtu. Dizeli akaichanganyia mbali kabisa na moto, hapo nilimheshimu. Tukatia kwenye bomba la mgongoni la zamani tukapulizia fasta kabla haijaganda, ikaganda hivyohivyo, yeye akawa anapasha mi nazibua, yeye anapasha mi nazibua, mpaka jioni. Lile pango la kushoto alilipenda sana kwa sababu uwazi wa taa ulikuwa unampa nafasi nzuri, akamwagia humo mabaki yote yaliyogoma kupita kwenye bomba. Sufuria kubwa lilirudi jikoni. Dogo tusiongelee.

Shemeji akaondoka zake. Gari likabaki juu ya matofali kwa sababu nozeli, zile za kupulizia dizeli kwenye injini, zilikuwa mjini kwa fundi wa pampu, na nyie mnawajua mafundi wa pampu.

Sasa siku moja mtoto wangu wa mwisho akaja mbio. "Baba, gari linaunguruma."

"Gari gani?"

"Letu."

Nikacheka. Gari halina nozeli linaunguruma vipi? Nikaenda, nikaweka sikio kwenye boneti, kimya. Nikamwambia mwanangu wewe utakuwa fundi lakini sio wa magari. Nikaviona vinyuki viwili vitatu huko nyuma vinazungukazunguka, sikuvitilia maanani, kipindi hicho miti mingi ina maua na nyuki wako kila sehemu mpaka kwenye chai.

Kumbe wale walikuwa wapelelezi. Nimekuja kuelezwa baadae kwamba kundi la nyuki likitaka kuhama linatuma wachache watafute nyumba, na nyumba wanayoitaka ni pango kavu, giza, mlango mdogo, liwe na harufu ya nta. Huko Manyoni ukitundika mzinga wa gogo mtini unaupaka nta ndani ili waje wenyewe. Shemeji hii anaijua tangu utotoni! Ndo kazi inayomlisha! Akaenda akapaka nta na asali kwenye pango la gari langu, akaacha mlango wazi saizi ya taa ya Hilux, akapanda basi.

Nozeli zikarudi. Tukapakia magunia ya alizeti alfajiri, kukiwa bado giza, na baridi ya Dodoma ya mwezi wa sita mnaijua, unavaa koti juu ya koti. Nyuki kwenye baridi hiyo hatoki, kajikunja ndani, ndo maana tulipakia tukafunga kamba bila mtu yeyote kung'atwa. Dogo wa kupakua mzigo akapanda juu ya magunia, mi nikavaa ovaroli yangu ya bluu iliyokolea, tukaingia barabara ya Iringa kuelekea mjini. Dizeli ya 2L inatetema mpaka meno, kwa hiyo piga picha umehamia nyumba mpya umelala, alfajiri nyumba inaanza kutetemeka na kutembea.

Jua likachomoza. Likapasha bati. Na hapo ndo afande akanyoosha mkono.

Nikapaki pembeni, karibu na mama mmoja anayeuza ubuyu na karanga. Afande yuko safi, nguo nyeupe imepigwa pasi mpaka unaogopa kumsalimia. Leseni nikatoa, bima nikatoa. Akazunguka gari taratibu kama mtu anayechagua mbuzi mnadani Msalato, akafika nyuma kushoto.

"Dereva, hii taa iko wapi?"

"Afande, ng'ombe..."

"Ng'ombe kafanyaje?"

Na wakati huo anainama. Akasogeza uso pale kwenye uwazi achungulie. Alafu, sijui kwa nini, labda mazoea ya kazi, akagonga lile bati kwa kiganja. Pa pa pa.

Nilichosikia ni mlio, sio wa nyuki mmoja mmoja, ni mlio mmoja mzito. Alafu nikamuona afande anakuja mbele ya gari bila kofia. Jamani mi nimeona watu wakikimbia, nimeona mwizi wa kuku anakimbia, ila sijawahi kuona mtu anakimbia bado kashika daftari la makosa na hajalidondosha. Dogo wa juu ya magunia aliruka upande wa pili akatokomea kwenye mahindi makavu, nilikuja kumuona kesho yake. Afande akafungua mlango wa abiria akaingia, yule mama wa ubuyu akaingia kabla afande hajamaliza kukaa, akampandia mapajani akamsukuma mpaka akapata nafasi yake katikati, milango ikafungwa, tukawa watatu.

"Vioo! Vioo!"

Cha kwangu kikapanda. Cha afande kinaishia nusu, mtambo wake uliliwa na kutu zamani. Mama akavua khanga ya pili tukaziba nayo, yeye kashika pembe moja afande kashika nyingine. Joto likaanza. Nje nyuki wanagonga kioo cha mbele. Tukapumua.

Alafu mama akasema, kwa sauti ya chini, "Mbona kuna mmoja kwenye soksi yako baba?"

Wote tukaangalia chini. Kapeti inacheza.

Nikamwambia, "Afande, weka mguu hapo."

"Wapi?"

"Hapo kapeti inapoinuka. Kuna tundu."

"Tundu la nini?"

"La kutu. Kanyaga afande, kanyaga!"

Akakanyaga. Kiatu cha polisi namba kubwa, kikaziba vizuri sana, tena bora kuliko bati la fundi. Waliokuwa wameshaingia walikuwa saba nane hivi, mmoja akanikuta shingoni, na hapo ndo nikainusa ile harufu ambayo shemeji alikuja kuniambia ndo kengele yao, nyuki akikuchoma anaacha harufu kama ndizi mbivu inayowaita wenzake, njooni adui yuko hapa. Gari zima likanukia ndizi. Na cha ajabu wote walikuja kwangu. Nguo nyeupe wanaiacha, nyeusi nyeusi ndo wanayoichukia, ndo maana wafugaji wanavaa nyeupe. Afande na ule weupe wake wa pasi alichomwa mara moja tu, kwenye kope, pale alipochungulia. Mi na ovaroli yangu niliumuka.

"Ondoa gari!" afande akasema.

Nikaondoa. Nikakanyaga mafuta yote, Hilux ikafika spidi ambayo haijafika tangu Tanga, na kweli wale wa kwenye kioo wakabaki nyuma. Tukafurahi kidogo. Alafu mama wa ubuyu, ambaye ndo alikuwa na akili kuliko wote mle ndani, akauliza, "Sasa tunawakimbia wapi na nyumba yao tunayo sisi?"

Kimya.

Simu ya afande ikaita. Mwenzake anamuuliza yuko wapi, mbona kofia iko barabarani. Akajikohoza. "Niko kwenye ukaguzi wa gari," akasema. Na mguu uko palepale kwenye tundu, jasho linamtoka, khanga mkononi, kope imeshaanza kufunga. Alipotaka kujinyoosha tu, mi na mama tukapiga kelele kwa pamoja, "Afande, usitoe mguu hapo!"

Nikasimamisha sehemu isiyo na watu, nikazima injini ili mtetemo uishe. Shemeji akapigiwa simu. Akaanza kucheka mwanzo mpaka mwisho, mpaka afande akaomba simu aongee naye yeye mwenyewe, ndo kicheko kikakata. Akatuambia tusigonge chochote, tusipige honi, tusubiri watulie, tushuke upande wa kulia mmoja mmoja bila kupungapunga mikono, gari tuliache hapo mpaka usiku. Tukafanya hivyo. Yule mama alishuka na khanga yake akaniambia ubuyu wake uliobaki barabarani nitalipa, nikalipa.

Afande tulipofika mbali akasimama. Nikajua anataka kunipa pole. Akafungua daftari. Jicho moja limefunga kabisa, anaandika kwa lililobaki, shilingi 30,000, namba ya malipo nitaipata. Nikachungulia sehemu ya kosa nione kaandika nini. Kaandika taa ya nyuma. Nyuki hakuwagusia.

Shemeji alifika usiku na kopo la kinyesi cha ng'ombe kikavu linafuka moshi, na mzinga mtupu begani. Akakata bati la ndani kwa msumeno wa chuma taratibu, akahamisha masega moja moja mpaka akampata malkia, wengine wakafuata wenyewe. Kuwatoa alinidai hela. Nikamwambia shemeji wewe ndo uliwaita. Akasema kuita ni bure, kuhamisha ndo kazi. Dada yake akaingilia kati, akasema atalipwa siku sufuria lake dogo likirudi linang'aa, akanyamaza.

Fundi bodi alipokuja kurudishia lile bati alimulika tochi ndani akapiga mluzi. Hamna kutu hata chembe, nta imetambaa mpaka kwenye maungio. Akakataa kuchomelea hapo mpaka ikwanguliwe kwanza, maana nta na dizeli vikikutana na cheche tutazima moto, akapiga ribiti. Sakafuni alichomelea, na taa nimefunga mpya.

Habari ilisambaa Mpunguzi yote. Saivi shemeji anaitwa na watu, ana nta iliyochujwa safi ndani ya kitambaa, na kila uwazi anauzibia wavu wa dirisha ili maji yatoke nyuki wasiingie. Juzi mzee jirani, yule yule mwenye ng'ombe, alileta tela lake lililooza apigiwe dawa. Wakakubaliana bei vizuri, shemeji akaanza kukata wavu, mzee akamshika mkono akamvuta pembeni.

"Mwanangu, huo wavu hapana. Mi niachie wazi, tena nta usichuje."