Siku ya michezo dukani: cha kupeleka nyumbani ni utaratibu

Mazungumzo kuhusu michezo ya kuigiza ya mezani, ambamo kila mchezaji huwa mhusika katika kisa na dadu huamua kama anafaulu, baina yetu tulio ughaibuni na wenzetu waliobaki nyumbani, hufika mahali palepale: huku kuna maduka ya michezo hiyo na kule hakuna, basi huku mchezo unachezeka na kule hauchezeki. Mimi hoja hiyo siikubali. Duka lenye siku ya michezo humpa mchezaji vitu vitatu tu vya maana: meza, saa inayojulikana, na mtu aliyekuja amejitayarisha. Vitabu vya jalada gumu na vinyago vya plastiki vilivyopangwa rafuni vinapendeza, lakini mchezo unakwenda bila hivyo.

Kwa asiyewahi kuhudhuria, siku yenyewe hugawanywa katika awamu za saa tatu au nne. Kabla ya siku kufika hutolewa orodha, na kila mstari una jina la mchezo, jina la mwongozaji (anayesimulia kisa na kuwaendesha maadui), idadi ya viti, na kama wageni wa mchezo wanakaribishwa. Unajiandikisha, unafika robo saa mapema, unachagua mhusika mmoja kati ya walioandaliwa, unaelezwa kanuni kwa dakika kumi, kisa kinaanza. Unachobeba ni penseli, kifutio na seti ya dadu saba: ya pande 4, ya 6, ya 8, ya 12, ya 20, na mbili za pande 10, moja kati ya hizo ikiwa ya makumi kwa ajili ya kupata asilimia. Usipokuwa nazo, mara nyingi mezani hutakosa wa kukuazima.

Tangu 2007 kuna pia Free RPG Day, yaani siku ya michezo ya kuigiza ya bure, ambapo maduka yanayoshiriki hugawa vijitabu vya wachapishaji bure. Kijitabu cha namna hiyo huwa na kanuni zilizofupishwa, wahusika waliokamilika na kisa kimoja kifupi. Hapo ndipo penye somo kwa walioko nyumbani: hata wenye duka lililojaa vitabu hawamkabidhi mgeni kitabu kizima. Wanampa kurasa chache na mhusika aliye tayari.

Jaribio la kwanza likifanywa bila utaratibu huo, huvunjika kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni kuunda wahusika mezani. Katika Dungeons & Dragons, mchezo maarufu wa aina hii, mgeni anaweza kumaliza saa nzima akichagua asili, taaluma, silaha na mizungu ya uchawi, wakati hajui hata moja ya hizo itamfaa nini. Wageni watano na kitabu kimoja kinachozunguka, awamu imekwisha kabla mlango wa pango haujafunguliwa. Mwongozaji na aandae wahusika sita kwa wachezaji watano, ili hata wa mwisho kufika apate cha kuchagua, na kila mhusika aenee kwenye karatasi moja.

Sababu ya pili ni ukarimu wa kuongeza viti. Piga hesabu ya pambano: kila mchezaji akitumia dakika mbili kwa zamu yake na mwongozaji tatu kwa maadui wote, wachezaji watano wanamaliza mzunguko mmoja kwa dakika 13. Mizunguko mitatu inakaribia dakika 40. Wakiwa wanane, mzunguko ni dakika 19 na pambano zima linakula karibu saa moja, huku kila mtu akingoja dakika 17 mpaka zamu yake irudi. Katika hizo dakika 17 simu zinatoka mifukoni, na zikishatoka kisa kimepotea. Wanne hadi watano ndio kipimo kizuri. Sita ni mwisho. Wakija wanane, gawanyeni meza mbili na mtafute mwongozaji wa pili, hata kama anaisoma karatasi kwa mara ya kwanza.

Tofauti iliyo kubwa kweli kati ya huku na nyumbani ni watu wenyewe. Dukani unaketi na usiowajua, kwa hiyo mwongozaji hodari huandika uhusiano kwenye karatasi za wahusika: huyu ni mpwa wa yule, huyu anamdai yule, hawa wawili walitoroka jeshini pamoja. Bila hilo, nusu saa ya kwanza huishia kwenye wahusika wanaokutana na kuulizana majina. Nyumbani meza hujazwa na watu wanaojuana, na kazi hiyo inapungua sana. Hii ni neema ambayo wengi hawaioni.

Ina upande wake mgumu lakini. Meza nyingi za huku huweka kadi yenye alama ya X katikati, njia iliyobuniwa na John Stavropoulos: jambo likimchukiza mchezaji anaigusa kadi, jambo linaondolewa kwenye kisa, wala haulizwi sababu. Utasikia watu wakisema kwamba marafiki hawahitaji kadi. Naamini wanaihitaji kuliko wageni. Usiyemjua unaweza kumkatalia na kuondoka. Utakayekutana naye kesho na keshokutwa ni vigumu kumwambia mbele ya wengine kwamba kisa chake kinakuumiza. Kipande cha karatasi kinatosha, ila kielezwe kabla ya dadu ya kwanza kurushwa, na mwongozaji awe wa kwanza kuonyesha namna ya kukigusa.

Dadu zenyewe zisiwe kisingizio. Dadu ya kawaida ya pande 6 pamoja na sarafu inafanya kazi nyingi. Ukitaka ya pande 4, rusha na urudie kila inapotoka 5 au 6. Ya pande 8 ni hiyo ya 4 pamoja na sarafu: ikianguka upande wa kichwa, ongeza 4. Ya pande 12 ni ya 6 na sarafu, ukiongeza 6. Kwa pande 20 chukua karata kuanzia ree hadi 10 za aina mbili, moja nyeusi na moja nyekundu. Nyeusi husomwa zilivyo, nyekundu huongezewa 10. Kosa linalojitokeza ni kuacha kuirudisha karata iliyotoka. Namba kubwa zikitoka mapema zinabaki ndogo tupu, wachezaji wanaanza kuhesabu kilichosalia, na bahati haipo tena. Rudisha, changanya, vuta upya. Karatasi 20 ndani ya mfuko zinafaa vilevile kwa sharti hilohilo.

Vitabu navyo si kizuizi kama ilivyokuwa zamani. Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, takriban kurasa 400, zilitolewa chini ya leseni ya Creative Commons. Mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuuza tafsiri yake, mradi ataje zilikotoka. Kazi hii inatuhusu sisi tulio huku, tunaokaa kwenye meza hizi na kuzijua kanuni kwa kuzitumia. Tusijaribu kurasa zote. Tuanze na karatasi ya mhusika na sifa zake sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara, Haiba. Kisha kurasa mbili za jinsi ya kurusha dadu na kuongeza nyongeza, kurasa tatu za pambano, na orodha fupi ya hali zinazompata mhusika, kama kupofuka, kuanguka au kupooza. Mizungu ya uchawi isubiri mwisho, maana inakula kurasa nyingi. Kwa siku ya kwanza, ile iliyo kwenye karatasi za wahusika sita inatosha, nayo haizidi kumi na tano.